Kiti cha kulishia mtoto: mkanda kabla ya kijiko

Mtoto anayelishwa mkekani akipinduka, huangukia mkeka. Aliye kwenye kiti kirefu huangukia saruji au vigae, na mara nyingi hutanguliza kichwa. Marekani, kati ya 2003 na 2010, zaidi ya watoto 9,000 kwa mwaka walitibiwa kwa ajali za viti hivi. Wengi walianguka wakisimama au kupanda.

Kiti kinamfaa mtoto anayeweza kukaa mwenyewe, kwa kawaida kuanzia miezi 6. Kimeza cha mbele hakimzuii kuanguka. Mfunge mkanda wa kiunoni na ule wa katikati ya miguu, unaomzuia kuteleza akanaswa shingo. Ukinunua cha mtumba kisicho na mkanda, usikitumie mpaka utiwe. Kiweke mbali na ukuta na meza asije akasukuma kwa miguu kikapinduka, na mbali na dirisha, jiko na birika la chai. Usimwachie nduguye mdogo amwangalie.

Akianguka kisha akazimia, akatapika tena na tena, akashikwa na degedege au akawa haamshiki vizuri, mkimbize hospitali. Kwa wakazi wa kisiwani, Hospitali Kuu ya Pwani, ile wenyeji waiitayo Makadara, iko karibu.

Akimwagikiwa na chai, mvue nguo iliyolowa, ukiacha iliyoganda, na umwagie maji ya mfereji kwa dakika 20. Usimpake dawa ya meno wala mafuta.