Mrija Kabla ya Fomula: Jinsi Mnato Ulivyopimwa na Daktari wa Paris

Mwaka 1752 mwanahisabati Mfaransa, Jean le Rond d'Alembert, alichapisha kitabu kuhusu ukinzani wa vimiminika. Kazi hiyo aliianza kwa ajili ya shindano la Akademia ya Berlin, na ni wachache waliokuwa wamelishughulikia jambo hilo kwa hesabu safi kama zake. Tatizo lilikuwa jibu. Milinganyo ilidai kwamba gimba linalokwenda kwa kasi isiyobadilika ndani ya maji halizuiwi na maji hayo hata kidogo, kwa sababu msukumo unaolirudisha nyuma kutoka upande wa mbele unafutwa kabisa na msukumo unaolipeleka mbele kutoka upande wa nyuma. Mvuvi yeyote aliyewahi kushika kasia angelikataa jibu hilo, na d'Alembert mwenyewe alijua kwamba halilingani na mambo yalivyo. Mwaka 1768 alilitaja waziwazi kuwa ni kitendawili, akawaachia wanahisabati watakaokuja wakitegue. Kilichokosekana katika hesabu zake kilikuwa mnato, yaani msuguano unaotokea ndani ya kimiminika chenyewe pale tabaka moja linapoteleza juu ya jingine.

Vitabu vingi vya fizikia huliingia somo la mnato kwa mlango mmoja. Linatajwa jina la Newton, inaandikwa fomula fupi inayosema kwamba nguvu ya msuguano kati ya matabaka inaongezeka kadiri kasi zao zinavyotofautiana, kisha mwanafunzi anapewa maswali ya kukokotoa. Mlango huu unaficha historia nzima, na hasara yake haiishii kwenye historia. Anayeanzia kwenye fomula hubaki na mawazo mawili mabaya: kwamba mnato ni jina jingine la uzito wa kimiminika, na kwamba mnato ukiwa mdogo unaweza kupuuzwa. Wanasayansi walihitaji zaidi ya miaka 150 baada ya d'Alembert kuyaondoa mawazo hayo, na chanzo cha kuondoka kwake hakikuwa fomula. Mnato ulishikika pale watu walipoanza kuupima, na aliyeupima kwa uangalifu kuliko wote alikuwa daktari aliyetaka kujua damu inavyopita katika mishipa myembamba.

Atakayepinga atauliza: je, Newton hakuyasema haya tangu mwaka 1687? Ni kweli kwamba katika kitabu cha pili cha Principia aliweka dhana kwamba ukinzani unaotokana na matabaka kutoteleza vizuri unalingana na kasi ya matabaka hayo kuachana. Dhana hiyo ilikuwa sahihi, na heshima yake haiondolewi. Lakini Newton aliiweka kama dhana tu na hakupima mnato wa kimiminika chochote kwa njia hiyo. Lengo lake lilikuwa kuonyesha kwamba vimbunga vya Descartes, vilivyodaiwa kuzibeba sayari angani, visingeweza kuzipa sayari mwendo zilionao. Hata katika hesabu hiyo alikosea: alilinganisha nguvu zinazolizungusha kila tabaka badala ya kulinganisha nguvu hizo pamoja na umbali wake kutoka kwenye mhimili. George Gabriel Stokes alilionyesha kosa hilo mwaka 1845. Kwa hiyo jina la Newton katika somo hili ni jina la wazo zuri ambalo lilikaa karne moja na nusu bila vipimo vya kuliunga mkono.

Wazo lenyewe si gumu kulipata. Mtu akipanga mikeka kumi mmoja juu ya mwingine, akaushikilia wa chini kabisa na kuuvuta wa juu, kila mkeka utauburuta ulio chini yake kidogo, na ulio chini utauzuia ulio juu. Katika kimiminika, kiasi cha kuburutana huko ndicho mnato, na hakina uhusiano wa lazima na uzito. Zebaki ina uzito mara 13.6 ya maji, lakini kwa nyuzi joto 20 mnato wake ni kama mara moja na nusu tu ya mnato wa maji. Mafuta ya zeituni huelea juu ya maji kwa sababu ni mepesi, na bado mnato wake ni makumi ya mara ya ule wa maji.

Jean Léonard Marie Poiseuille alizaliwa Paris mwaka 1797. Alisoma kwa muda katika École Polytechnique, shule iliyofungwa mwaka 1816, kisha akageukia udaktari. Katika tasnifu yake ya mwaka 1828 alipima shinikizo la damu ya wanyama kwa bomba lenye umbo la U lililojazwa zebaki. Milimita za zebaki ndizo kipimo kinachoandikwa hadi leo kwenye kadi za wagonjwa. Baadaye aliitazama kwa hadubini damu ikipita katika mishipa myembamba ya vyura na wanyama wengine, akaona jambo ambalo wanahisabati hawakuwa na njia ya kuliona. Karibu na ukuta wa mshipa, damu ilikuwa karibu imesimama, na chembechembe zilikwenda kasi katikati tu. Swali lake likawa: kiasi cha kimiminika kinachopita kinategemea nini? Damu isingefaa kwa jaribio refu kwa sababu huganda nje ya mwili. Akachukua maji yaliyochujwa kwa mvuke na mirija ya kioo yenye kipenyo cha sehemu ndogo ya milimita, mingine myembamba kuliko unywele.

Ubora wa kazi hiyo uko katika uangalifu wake. Poiseuille aliyasukuma maji kwa hewa iliyobanwa ili shinikizo lijulikane barabara, akayadhibiti joto kwa kuzamisha chombo katika maji mengine, na akapima muda wa kiasi maalumu cha maji kupita kati ya alama mbili. Mirija yenyewe aliipima kwa hadubini, kwa kuwa aligundua kwamba matundu yake hayakuwa duara kamili. Matokeo aliyoyawasilisha kwa Akademia ya Sayansi ya Ufaransa kuanzia mwaka 1840 yalikuwa wazi. Shinikizo likiongezeka mara mbili, maji yanayopita yanaongezeka mara mbili. Mrija ukirefuka mara mbili, yanapungua kwa nusu. Kipenyo, hata hivyo, kina nguvu ambayo hakuna aliyeitarajia, kwa sababu maji yanayopita yanalingana na kipenyo kilichopigwa kwa kipeo cha nne. Mrija wenye nusu ya kipenyo haupitishi nusu wala robo ya maji. Unapitisha sehemu moja ya 16. Mrija uliopungua kipenyo kwa asilimia 20 tu unapoteza zaidi ya nusu ya mkondo wake. Kamati ya Akademia iliyokuwa na François Arago na Victor Regnault iliikubali kazi hiyo, na mwaka 1846 ikachapishwa yote.

Haki inadai jina la pili litajwe. Mwaka 1839 mhandisi wa Prussia, Gotthilf Hagen, alikuwa amechapisha vipimo vya maji katika mabomba ya shaba nyeupe, na kipeo alichokipata kilikaribia nne kiasi kwamba akakichukua kuwa nne. Hagen aliona pia kwamba kasi ikizidi kiwango fulani, maji yanayotoka huacha kutiririka kwa utulivu na kuanza kutikisika. Wawili hao walifanya kazi bila kutegemeana, na wengi leo huiita kanuni hiyo kwa majina yote mawili.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa watu wa nadharia. Poiseuille, watasema, alitoa namba bila maelezo. Kanuni yake haikuwa na kiasi kinachoitwa mnato, bali namba iliyobadilika kulingana na joto na aina ya kimiminika, na kupima bila kueleza si kuelewa. Wana hoja. Mlinganyo kamili wa mwendo wa vimiminika vyenye mnato ulikuwa tayari umepatikana: Claude-Louis Navier aliusoma mbele ya Akademia hiyohiyo mwaka 1822, akiutoa katika dhana za nguvu kati ya molekuli ambazo hakuna anayezikubali leo, na Stokes akaufikia upya mwaka 1845 kwa hoja zilizo imara zaidi. Lakini tazama kilichotokea. Stokes alipoutumia mlinganyo wake kwa maji katika mabomba na mifereji, akalinganisha na vipimo vya zamani vya Bossut na Dubuat, namba zilikataa kulingana. Hakuwa na vipimo vya Poiseuille mkononi, na kwa sababu hiyo akasita hata juu ya jambo la msingi, yaani kama kimiminika kinachogusa ukuta kinasimama au kinateleza. Jambo hilo daktari alikuwa ameliona kwa hadubini. Mwaka 1860 Eduard Hagenbach wa Basel alionyesha kwamba kipeo cha nne kinatoka moja kwa moja katika nadharia ya mnato, iwapo kimiminika kinasimama ukutani. Ndipo mlinganyo ulipoaminika na namba ya Poiseuille ikapata maana. Nadharia ilieleza, lakini kipimo ndicho kilichoipa nadharia haki ya kusadikiwa.

Kwa nini basi vipimo vya Bossut na Dubuat vilikataa? Jibu lilitoka Manchester mwaka 1883, Osborne Reynolds alipopitisha uzi mwembamba wa rangi katikati ya maji yanayopita ndani ya bomba la kioo. Kasi ikiwa ndogo, uzi ulinyooka toka mwanzo hadi mwisho. Kasi ilipoongezwa, ghafla ulikatika na kutawanyika bomba zima. Mipaka ya hali hizo mbili hutegemea namba moja inayozidisha kasi, kipenyo na densiti, kisha kugawanya kwa mnato; chini ya 2,000 hivi, mkondo katika bomba hubaki tulivu. Mabomba mapana ya wahandisi wa karne ya 18 yalikuwa juu sana ya mpaka huo, na mirija ya Poiseuille ilikuwa chini yake. Wembamba ule uliofuatwa kwa ajili ya mishipa ya damu ndio uliomweka daktari katika eneo ambalo kanuni inaonekana bila kuchafuliwa. Kuhusu damu yenyewe, ukweli ni mgumu zaidi: mwaka 1931 Fåhræus na Lindqvist walionyesha kwamba katika mirija yenye kipenyo chini ya takriban milimita 0.3, damu huonekana kuwa na mnato unaopungua kadiri mrija unavyokuwa mwembamba. Hilo linaweka mpaka wa kanuni bila kuibatilisha.

Wazo la kwamba mnato mdogo unapuuzika lilivunjwa na Ludwig Prandtl mwaka 1904, katika mkutano wa kimataifa wa wanahisabati mjini Heidelberg. Hoja yake ilikuwa kwamba hata mnato uwe mdogo kiasi gani, kimiminika kinachogusa gimba husimama, na kasi yote hupanda ndani ya tabaka jembamba lililoshikamana na gimba hilo. Ndani ya tabaka hilo mnato una kauli, na likibanduka kutoka kwenye gimba, msukumo wa nyuma haufuti tena msukumo wa mbele. Kitendawili cha d'Alembert kiliteguliwa hapo, na ubunifu wa mabawa ya ndege katika miongo iliyofuata ulisimama juu ya wazo hilo.

Limebaki lile wazo la uzito, na hapa James Clerk Maxwell anastahili nafasi yake. Hesabu zake za molekuli za gesi zilimpa jibu ambalo yeye mwenyewe alilistaajabia: mnato wa gesi hautegemei wingi wake. Ukiondoa nusu ya hewa chomboni, mnato unabaki uleule, kwa sababu molekuli zinazobeba mwendo kutoka tabaka hadi tabaka zimepungua kwa nusu, lakini kila moja inasafiri umbali mara mbili kabla ya kugongana na nyingine. Kati ya 1865 na 1866, nyumbani kwake London, Maxwell na mkewe Katherine walipima kwa sahani za kioo zilizoning'inizwa na kuachwa zipembee zikijizungusha ndani ya hewa. Kutoka shinikizo la kawaida la inchi 30 za zebaki hadi nusu inchi, mnato haukubadilika. Waliona pia kwamba hewa ikipashwa joto mnato wake unaongezeka, kinyume na maji, ambayo mnato wake hushuka kutoka karibu 1.8 kwenye nyuzi sifuri hadi chini ya 0.3 yanapochemka, kwa kipimo cha sentipoizi kilichopewa jina la Poiseuille.

Kwa walimu wetu wa fizikia na waandishi wa vitabu vya kiada, ombi ni kubadili mpangilio wa sura moja tu. Mirija miwili mirefu na myembamba ya kioo iliyotofautiana kipenyo, chupa ya maji na saa vinatosha kuonyesha jinsi kipenyo kinavyoutawala mkondo. Mwanafunzi apime hayo kwanza, aandike namba zake mwenyewe, ndipo fomula ya Newton iandikwe ubaoni.