Nani Atafumua Kiraka?

Kitambaa kidogo kikishonwa juu ya goti la suruali tunakiita kiraka, na kwa miaka mingi neno hilo limebeba aibu. Kiraka kilimtangaza mvaaji kabla hajafungua mdomo: huyu kwao hakuna suruali ya pili. Watangazaji wa mpira wamelisafisha neno kidogo. Siku hizi mchezaji kiraka ni yule anayecheza beki leo na kiungo keshokutwa, na kocha akimpata anashukuru. Lakini kitambaa kile kile kikitiwa picha na maandishi, kikapandishwa kutoka gotini hadi begani au kifuani, kinabadilishwa jina kabisa. Kinakuwa beji. Kinakuwa nembo. Kiraka cha goti kinaficha tundu, cha bega kinatangaza kundi, na fundi ndiye anayejua kuwa mshono ni ule ule.

Ninasoma shahada ya uzamili ya historia, na kwa miezi kadhaa nimekuwa nikifuatilia vitambaa hivi vidogo kwenye sare za karne iliyopita. Ukienda kwa fundi wa kudarizi kuagiza beji, utaulizwa maswali ya maana: ukubwa gani, rangi ngapi, ya kushona au ya kubandika kwa pasi. Historia inaongeza maswali mawili ambayo fundi hana sababu ya kukuuliza. Nani amechagua alama hii? Na anayeivaa, ana ruhusa ya kuifumua?

Tuanze na mashine, maana bila mashine hadithi hii ingekuwa ya wakubwa tu. Kwa karne nyingi nguo iliyodariziwa ilikuwa ya wafalme, makasisi na maofisa, kwa sababu kila ua lilikula siku za mtu. Mwaka 1828 Josué Heilmann wa Mulhouse alibuni mashine ya kudarizi iliyoendeshwa kwa mkono. Mwaka 1863 Mswisi Isaak Gröbli akabuni nyingine iliyotumia nyuzi mbili kama cherehani, mmoja ukitokea juu na mwingine ukisafiri nyuma ya kitambaa ndani ya kifaa chenye umbo la mashua. Mashine ikaitwa Schiffli, yaani mashua ndogo kwa Kijerumani cha Uswisi. Tangu hapo mchoro mmoja uliweza kurudiwa mara nyingi kwa muda mfupi, na alama ya kudarizi ikaanza kushuka kutoka mabega ya majenerali kwenda kwa watu wa kawaida.

Jeshi la Marekani lilizipokea alama hizi katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1918 askari wa Divisheni ya 81 walifika Ufaransa wakiwa na picha ya paka mwitu begani. Walikuwa wamejichagulia wenyewe, kwa kukumbuka kijito cha Wildcat kilichopita karibu na kambi yao ya mafunzo kule South Carolina. Vikosi vingine vililalamika kwamba hao wamejitia nakshi bila idhini. Shauri likafika hadi kwa Jenerali John Pershing, naye badala ya kuwaamuru wazibandue, akaziruhusu, na mwezi Oktoba divisheni nyingine zikatakiwa kubuni zao. Alama iliyoanza kama ujeuri wa kikosi kimoja ikawa desturi ya jeshi zima.

Baada ya vita, Divisheni ya 45 ilikusanya askari wa akiba kutoka majimbo manne: Oklahoma, Colorado, Arizona na New Mexico. Walikuwamo wenyeji wa asili wengi wa Marekani. Mwaka 1924 divisheni ikachagua alama ya kuwaenzi: mraba mwekundu, pande nne kwa majimbo manne, na katikati swastika ya njano. Usishtuke. Kwa jamii kadhaa za wenyeji wa eneo lile hiyo ilikuwa alama ya zamani ya heri, na Berlin ilikuwa mbali. Miaka ikapita, chama cha Hitler kikashika madaraka, na alama ile ile ikaanza kupepea juu ya mambo mengine kabisa. Mwaka 1939 divisheni ikaifumua. Mahali pake akawekwa ndege wa radi wa hadithi za wenyeji wale wale, na msanii Mkiowa Woody Big Bow anatajwa kuwa ndiye aliyemchora. Mraba ulibaki mwekundu, njano ikabaki njano.

Nimeitazama sana habari hii kwa sababu ya wepesi wake. Alama ilichafuliwa na watu wengine, wenye kuivaa wakakaa wakachagua nyingine. Hawakuhitaji kusubiri mtu awafungulie mlango. Tarehe 29 Aprili 1945 askari wa divisheni hiyo, wakiwa na ndege wa radi begani, walikuwa miongoni mwa waliofika kwenye kambi ya mateso ya Dachau na kuwakomboa wafungwa zaidi ya 30,000.

Ndani ya kambi zile kulikuwa na viraka pia. Mafashisti walikuwa wamevipanga kwa utaratibu: pembetatu ya kitambaa, ncha ikielekea chini, ikishonwa kwenye sare pamoja na namba. Nyekundu kwa wafungwa wa siasa, kijani kwa walioitwa wahalifu wa kawaida, zambarau kwa Mashahidi wa Yehova, waridi kwa mashoga, nyeusi kwa walioitwa wasiofaa katika jamii. Myahudi aliwekewa pembetatu mbili zilizopishana mpaka zikawa nyota. Mlinzi hakuhitaji kuuliza jina la mtu. Alisoma kifua chake kama mtu anavyosoma bei kwenye bidhaa. Anayefanana na mimi angeweza kudhani kwamba mambo hayo yalikuwa ya Wazungu na Wayahudi wa Ulaya, na kwamba sisi tunayasoma kwa mbali tu.

Lakini katika kambi ya Sachsenhausen, kaskazini ya Berlin, alikufa mtu aliyezaliwa Dar es Salaam.

Alizaliwa mwaka 1904 na akajulikana Ujerumani kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Baba yake alikuwa askari wa Wajerumani, na yeye mwenyewe aliingizwa katika jeshi hilo akiwa mtoto, Vita Kuu ya Kwanza ilipopigwa huku kwetu. Alijeruhiwa Mahiwa mwaka 1917 akatekwa na Waingereza. Vita vilipokwisha akafanya kazi melini, na mwaka 1929 akafika Berlin kudai mishahara ambayo yeye na baba yake hawakulipwa. Dai lake lilikataliwa. Akabaki huko. Akawa mhudumu wa mgahawa, akaoa, akaigiza katika filamu, na katika chuo kikuu cha Berlin akasaidia kufundisha Kiswahili, lugha hii hii unayoisoma sasa.

Mwaka 1934 serikali ya Ujerumani ilianzisha msalaba wa heshima kwa waliopigana katika vita vile. Husen aliomba apewe. Alikataliwa. Basi akatafuta nishani kwa wafanyabiashara wa vifaa vya kijeshi, akanunua, akazivaa. Nishani ni chuma na kiraka ni kitambaa, lakini zote ni ndugu: ni kitu kidogo kinachotundikwa kifuani ili watu wajue ulikuwapo. Kuna picha zake akiwa ndani ya sare ya askari katika mikutano ya Wajerumani waliotamani makoloni yao yarudi. Ukizitazama haraka utamwona kibaraka. Ukikaa nazo utaona pia mdai ambaye karatasi zake zimekataliwa kila ofisi, akaamua kwamba kifua chake kiwe ndiyo karatasi.

Mwaka 1941 alikamatwa kwa kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, akapelekwa Sachsenhausen bila kesi. Nishani alizojinunulia hazikuwa na kazi tena. Katika kambi ile mtu hakuulizwa angependa kuvaa nini. Alikufa tarehe 24 Novemba 1944. Mwaka 2007 jiwe dogo lenye bamba la shaba na jina lake liliwekwa njiani Berlin, mbele ya nyumba aliyowahi kukaa. Lina upana wa sentimita 10 hivi, sawasawa na beji ya koti.

Mwaka ule ule alipokuwa akifa Husen, vijana wengine wa Tanganyika walikuwa Burma wakiwapigania Waingereza. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1943 kwa vikosi vya KAR kutoka Kenya, Uganda, Nyasaland na Tanganyika, wale ambao wazee wetu waliwaita keya. Alama yao ya begani ilikuwa kichwa cheusi cha kifaru juu ya rangi nyekundu. Kati ya Agosti na Desemba 1944 walisonga katika bonde la Kabaw, kwenye mvua na malaria, mpaka wakaufikia mto Chindwin. Kifaru ni mnyama wa kwao, hilo halina ubishi, na huenda wengi walimvaa kwa fahari. Ila kifaru huyo hakuwafungulia uofisa, kwani karibu wote walikuwa chini ya maofisa Wazungu, wala hakulinganisha mshahara wao na wa askari Mwingereza aliyelowa mvua ile ile. Begani walikuwa sawa. Kwenye daftari la malipo hawakuwa sawa.

Hapo ndipo ninapoiona nguvu ya kiraka, na hatari yake. Kinaweza kumwambia mtu kwamba yeye ni wa hapa bila kumpa chochote cha hapa. Sisi tuliosoma shule za bweni tunalijua hilo kwa kiasi chetu kidogo. Beji ya shule ilikuwa lazima, iliuzwa na shule yenyewe, na asubuhi ya ukaguzi asiyekuwa nayo alifagia uwanja. Kuna waliokuwa na beji moja na mashati mawili, wakaishikiza kwa pini ili ihame. Mwalimu wa zamu alizitambua beji za pini kwa mbali, zilikuwa zikining'inia upande. Beji iliandikwa neno la Kilatini lenye maana ya umoja.

Mwaka huu darasa letu la uzamili liliamua kutengeneza majaketi, na katika grupu la WhatsApp kukazuka mjadala wa nembo. Twiga alikataliwa mapema, yupo kila mahali. Likabaki jahazi, na ikabaki Sanamu ya Askari, ile iliyozinduliwa mwaka 1927 katikati ya Dar es Salaam, bunduki yenye singe ikielekea bandarini. Waliomtaka askari walikuwa na hoja nzuri. Mmoja wetu ni kitukuu cha keya, na alisema kwa upole kwamba babu yake hana kaburi linalojulikana, na sanamu ile ndiyo pekee anayoweza kuipa shikamoo.

Mwingine, mtu wa kusini, akajibu kwamba kwao neno askari linaanza na Maji Maji, kuanzia 1905 hadi 1907, pale askari wa Mjerumani walipochoma mashamba na maghala mpaka njaa ikamaliza kazi. Askari wale walikuwa Waafrika pia. Tukanyamaza kidogo, jambo lisilo la kawaida katika grupu lile. Tatizo halikuwa nani mkweli, wote wawili walikuwa wakweli. Tatizo ni kwamba beji haina tanbihi. Kwenye tasnifu yangu naweza kuandika kurasa arobaini kuhusu askari mmoja, nani alimwajiri, alimchoma nani, alidai nini, alikufaje. Kwenye sentimita nane za uzi ningebaki na mtu mwenye bunduki.

Tulipiga kura. Jahazi lilishinda kwa kura mbili, na mimi nililipigia. Lakini kura haikunitosha, kwa sababu hata wengi wanaweza kumshonea mtu asichokitaka. Kwa hiyo nilipendekeza, na likakubaliwa, kwamba jaketi lishonwe tupu na beji itolewe pembeni, kila mtu aishone mwenyewe. Fundi wa Kariakoo hakufurahi. "Dada, mtapishana," aliniambia. "Huyu ataweka kulia, huyu kushoto. Haitakuwa sare tena." Nilimwambia ndivyo tunavyotaka. Akachukua mchoro, akauliza jahazi liwe na rangi ngapi, akaonya kwamba maandishi madogo kuliko hapo yatafungana nyuzi zikishaingia, kisha akatoa bei.

Majaketi yamefika. Wengi wameshona jahazi kifuani, upande wa moyo. Kitukuu cha keya alirudi kwa fundi peke yake, akalipia mchoro mwingine, kichwa cheusi cha kifaru, na amekishona ndani ya jaketi, kwenye bitana, ambako anakiona yeye tu anapolivua. Wenzetu wawili hawajashona kitu chochote mpaka leo. Hakuna aliyewauliza kwa nini.