Mdudu wa Mchangani Aliyeingia Darasani

Mwaka 1965 wanasayansi na walimu walikutana Kano, kaskazini mwa Nigeria, kujadiliana namna ya kumfundisha sayansi mtoto wa shule ya msingi barani Afrika. Hapo ndipo mpango wa sayansi wa shule za msingi ulipopata nguvu, ukazifikia nchi kadhaa, zikiwamo Kenya, Uganda na Tanzania. Msimamizi alikuwa shirika la elimu la Massachusetts, Marekani, lile lile lililokuwa likiandaa vitabu vya hisabati Entebbe tangu 1962.

Kwa kuwa fedha zilitoka Marekani, mtu angetazamia makasha ya vifaa vya maabara. Wapi! Vijitabu vya mpango vilihusu mchanga mkavu, ujenzi wa nyasi, na vifaranga wanaolelewa darasani.

Kimoja kilimhusu yule buu anayechimba vishimo vya mviringo kwenye mchanga mkavu chini ya upenu, kisha akajificha humo kumvizia sisimizi. Watoto wengi walikuwa wamekwisha kumchokoa kwa kijiti, ila si kwa ruhusa ya mwalimu. Sasa waliambiwa wamuulize mdudu mwenyewe. Kwa nini anatembea kinyumenyume? Mchanga ukilowa, atachimba? Sisimizi akijaribu kupanda, kwa nini anarushiwa mchanga? Mwalimu hakuhitaji kujua jibu kabla ya darasa, na pengine hilo lilikuwa gumu kwake kuliko somo lenyewe.

Je, watoto walinufaika? Eleanor Duckworth, aliyesoma kwa Jean Piaget huko Geneva, alilichunguza swali hilo nchini Kenya. Hakutunga mtihani wa karatasi. Aliwawekea watoto vitu mbalimbali, akawaacha wafanye watakalo, huku watazamaji wakiandika wanachokifanya. Wale waliopitia mpango walibuni mambo mengi zaidi, tena yenye kina, kuliko wenzao.

Lakini mzazi wa Kenya alikuwa akitazama mtihani wa kumaliza shule ya msingi, uliokuwa wa kuchagua majibu na kuamua nani aende sekondari. Buu hakuwamo. Mwalimu gani angetumia wiki nzima mchangani?

Kenya iliushika mzizi wa tatizo hilo, yaani mtihani wenyewe, katikati ya miaka ya 1970. Mtafiti wa mitihani Tony Somerset na wenzake waliuongezea maswali ya sayansi yanayomtaka mtoto afikiri kutokana na mazingira yake, wakapunguza ya kukariri. Shule nazo zikawa zinapelekewa jarida lililowaonyesha walimu maswali yaliyowashinda watoto, na fikra iliyowapeleka kwenye jibu lisilo sahihi.