Kichwa Nambari 611

Nyuma ya nyumba ya babu kule Njoro kuna pikapu ambayo haijasonga tangu nikiwa darasa la pili. Injini ni nzima. Ukimuuliza babu mbona asiwauzie watu wa vyuma vikuukuu, atakujibu, "Hii gari haijakufa. Spea ndizo zimekufa." Miaka yote nilidhani ni ukaidi wa wazee tu, mpaka nikasoma habari za vichwa vya treni vya Marekani vilivyoitwa daraja la J.

Vilikuwa vya kampuni ya reli ya Norfolk and Western, ambayo njia yake ilitoka bandari ya Norfolk, Virginia, ikavuka milima ya Appalachia hadi Cincinnati, Ohio. Katikati ya safari hiyo kuna machimbo ya makaa ya mawe. Makaa ndiyo yaliyoiletea kampuni pesa, na makaa hayo hayo ndiyo yaliyoendesha treni zake. Kwa hivyo kampuni nyingine zilipoanza kutamani dizeli, hii iling'ang'ania mvuke. Na ni haki yake. Utamuuziaje mtu makaa huku wewe mwenyewe unapikia gesi?

Vichwa hivyo havikuagizwa kiwandani. Mafundi wa kampuni walivichora na kuvijenga wenyewe kwenye karakana yao mjini Roanoke. Cha kwanza, nambari 600, kilitoka mwaka wa 1941. Kilikuwa cheusi tititi, kimevishwa bati laini kuanzia puani, na ubavuni kina mstari wa rangi ya damu ya mzee. Hata leo ukikiona kwenye picha utadhani kinakimbia, kumbe kimesimama.

Lakini uzuri haukuwa kwenye bati. Shida ya mafundi wale ilikuwa hii: treni ya abiria ya haraka inataka magurudumu makubwa, ilhali mlima unataka madogo. Kichwa mashuhuri cha K4, cha kampuni ya Pennsylvania, kilikuwa na magurudumu ya kuendeshea yenye kipenyo cha karibu mita 2. Watu wa Roanoke walishuka hadi sentimita 178, wakaweka manne kila upande. Sasa gurudumu dogo likikimbizwa sana, uzito wa fito zinazolisukuma hupiga reli kama nyundo. Wakapunguza uzito wa fito, wakasawazisha kila kitu kwa makini, wakatia beringi za roli kwenye ekseli na hata kwenye fito zenyewe. Nambari 610 ilipojaribiwa kwenye reli tambarare ya Pennsylvania, ilivuta mabehewa 15 na kufika kilomita 177 kwa saa. Kichwa cha milimani hicho!

Vita navyo viliingilia. Vichwa sita vilivyojengwa mwaka wa 1943 vilitoka bila lile bati, kwa sababu serikali haikutaka vyuma vitumike kwa urembo. Vilifanya kazi hivyo hivyo, uchi, wakaja kuvishwa baadaye.

Kampuni ilijenga pia vituo vya huduma ambako kichwa kiliingia kama gari linavyoingia petroli stesheni: majivu yanatolewa, makaa na maji yanajazwa, grisi inasukumwa kwa presha, kisha hicho kinarudi kazini. Vitatu vya mwisho, 611 hadi 613, vilijengwa mwaka wa 1950, wakati sehemu kubwa ya Marekani ilikuwa tayari inaupa mvuke kwaheri. Jumla vikawa 14.

Mwaka wa 1952 kampuni ilishindanisha vichwa vyake vya mizigo vya mvuke na vya dizeli. Matokeo yakakaribiana. Basi nini kiliua mvuke wa Roanoke, kama haukushindwa?

Jibu ni lile la babu. Mafundi wa Roanoke waliweza kujenga kichwa kizima, lakini vifaa vingi vidogo, kama pampu na vilainishi, vilitoka kwa viwanda vya nje. Viwanda hivyo viliishi kwa kuuzia reli za nchi nzima. Wateja wengine walipohamia dizeli, mteja mmoja, hata awe hodari vipi, hakutosha kuviweka hai. Bei zikapanda, vifaa vikaadimika. Kuanzia 1955 kampuni ikaanza kununua dizeli, na kufikia 1959 vichwa vya J vilikuwa vimeondolewa kwenye treni za abiria. Vikakatwakatwa na kuuzwa kama chuma chakavu, vyote isipokuwa kimoja.

Hapo ndipo hadithi inaponichoma. Januari 1956, nambari 611 ilikuwa ikivuta treni ya Pocahontas kandokando ya mto Tug, West Virginia. Ilichukua kona kwa kasi kupita kiasi, ikaanguka, na dereva akafa. Kichwa kikarudishwa karakanani kikatengenezwa upya. Miaka mitatu baadaye, kilipotafutwa kichwa cha kuvuta safari za kuaga, 611 ndiyo iliyokuwa na hali nzuri kuliko wenzake, kwa sababu ya matengenezo yale. Mpiga picha O. Winston Link alikuwa miongoni mwa waliopigania kisiuzwe. Mwaka wa 1982 kikafufuliwa, na karne hii kimekimbia tena.

Kifaa chake kikivunjika leo, hakuna duka la kukinunua. Lazima mtu akae chini akichonge upya.

Likizo iliyopita nilimweleza babu haya yote. Alisikiliza kimya, kisha akauliza swali moja tu: "Hao wanaochonga, wanafundisha vijana?"

Sikuwa na jibu. Akanipa ndoo na kitambaa, tukaenda kuosha pikapu.