Gemu zenye hadithi na gemu zisizo na mwisho: mzazi ajue nini

Mzazi anapomwambia mtoto "acha gemu", yeye huwa anafikiria kitu kimoja. Kwa mtoto, neno hilo lina mambo mengi yaliyo mbalimbali. Kuna gemu ambayo ni hadithi: ina mwanzo, kati na mwisho, na ukiimaliza ni kama umemaliza riwaya. Kuna gemu ambayo ni uwanja: unapewa mahali na vifaa, la kufanya utajua mwenyewe. Siku hizi nyingi zimechanganya yote mawili. Nimeandika makala haya kueleza tumefikaje hapa, kwa sababu naona masharti mengi tunayowawekea watoto nyumbani hayafui dafu bila kuijua tofauti hiyo.

Kabla ya kompyuta

Bibi akisema "Paukwa", watoto hujibu "Pakawa". Msimulizi wa hadithi za mdomo huangalia nyuso. Wakicheka ataongeza, wakisinzia atafupisha. Upande mwingine upo mchezo wa baba na mama, ambao hauna mwandishi wala mshindi. Watoto huuendeleza wapendavyo mpaka waitwe ndani magharibi. Gemu za video zimejaribu kuviweka vitu hivi viwili ndani ya mashine isiyoweza kuangalia nyuso za wanaoisikiliza.

Mwaka 1974 Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons. Mtu mmoja husimulia, wenzake husema wahusika wao wanafanya nini, na dadu huamua kama wamefaulu. Hapakuhitajika umeme. Lakini watengenezaji wengi wa gemu walilelewa na mchezo huo, na kwa miaka mingi wameitaka kompyuta ifanye kazi ya yule msimulizi.

Njia ya hadithi

Gemu za mwanzo, kama Spacewar! ya mwaka 1962 na Pong ya mwaka 1972, hazikuwa na hadithi. Ulipiga, ukakwepa, ukahesabu pointi. Katikati ya miaka ya 1970, Will Crowther, mtaalamu wa kompyuta aliyependa kutembelea mapango na kucheza Dungeons & Dragons, aliandika programu ya kuwafurahisha binti zake. Aliiga sehemu ya pango la Mammoth Cave, Kentucky. Haikuwa na picha hata moja. Kompyuta ilikueleza ulipo kwa maandishi, nawe ukaandika neno moja au mawili: nenda kaskazini, chukua taa. Mwaka 1977 Don Woods aliipanua, na ikajulikana kwa jina la Colossal Cave Adventure.

Mwaka 1981 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa Donkey Kong, kazi ya Shigeru Miyamoto. Sokwe amemteka mwanamke, fundi anapanda ngazi kumwokoa. Ni kisa kifupi mno, lakini mchezaji alijua kwa nini anaruka mapipa. Mashine zilipopata nguvu, visa vilirefuka. Final Fantasy VII ya mwaka 1997 ilimuua mmoja wa mashujaa wake hadithi ikiendelea, na wachezaji wengi walilia kama tunavyolia kwenye filamu.

Njia ya uwanja

Huko Uingereza, mwaka 1984 David Braben na Ian Bell, waliokuwa wanafunzi Cambridge, walitoa Elite, gemu ya biashara ya angani. Kompyuta waliyoitumia, BBC Micro, ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 32, ndogo kuliko picha moja ya simu ya leo. Kwa kuwa hawakuweza kuhifadhi humo maelezo ya kila sayari, waliandika kanuni za hesabu za kuzizalisha: galaksi 8, kila moja na sayari 256. Mchezaji alinunua bidhaa hapa akauza kule, kama nahodha wa jahazi, na akitaka akawa haramia. Hakuna aliyemwambia aende wapi.

Marekani, Will Wright alikuwa akitengeneza gemu ya helikopta inayolipua visiwa. Akajikuta anafurahia zaidi kuvijenga visiwa hivyo kuliko kuvilipua. Kutokana na hapo ikaja SimCity, mwaka 1989: unajenga mji, unatoza kodi, unapeleka umeme, na wananchi wanakulalamikia. Wachapishaji waliisita kwa sababu haikuwa na kushinda wala kushindwa. Baadaye nyumba ya Wright iliteketea katika moto mkubwa wa Oakland wa mwaka 1991, na kazi ya kuanza maisha upya ilichangia wazo la The Sims, iliyotoka mwaka 2000. Ukiitazama vizuri, The Sims ni mchezo wa baba na mama.

Mwaka 2009 Markus Persson wa Sweden alianza kusambaza Minecraft, dunia ya matofali ambayo mtoto huichimba na kuijenga atakavyo. Mwaka 2014 Microsoft iliinunua kampuni yake kwa dola bilioni 2.5, na kufikia mwaka 2023 nakala zaidi ya milioni 300 zilikuwa zimeuzwa.

Njia zilipokutana

Kijana aliyekulia karibu na vibanda vya gemu hapa Pwani hahitaji kuelezwa Grand Theft Auto: San Andreas ya mwaka 2004. Kisa chake kimeandikwa: CJ anarudi nyumbani kumzika mama yake na kukuta mtaa umeharibika. Lakini jimbo zima liko wazi. Nimewajua vijana waliocheza muda mrefu bila kugusa misheni. Waliendesha baiskeli, wakapanda mlima, wakabadilisha nguo. Walichosimuliana barazani ni vituko vyao wenyewe, kisa cha mwandishi hawakukijali sana. (Mzazi akumbuke kwamba Ulaya gemu hiyo imewekewa alama ya miaka 18.)

Kwa nini basi gemu isimwachie mchezaji kuamua kila kitu, na hadithi ibaki tamu? Jibu liko katika hesabu. Kama kila uamuzi una njia mbili, baada ya maamuzi 10 unahitaji miisho 1,024, na kila mmoja uandikwe, uchorwe na uigizwe. Ndiyo maana gemu kama The Walking Dead ya mwaka 2012 hukupa maamuzi mazito, kisha njia nyingi hurudi kukutana mbele. Breath of the Wild ya mwaka 2017 ilitafuta dawa nyingine: ukimaliza sehemu ya mwanzo unaweza kumwendea adui mkuu moja kwa moja, au ukatanga miezi mitatu. Baldur's Gate 3 ya mwaka 2023, kutoka kampuni ya Larian ya Ubelgiji, iliamua kubeba mzigo wa kuandika matokeo mengi mno. Hiyo ndiyo iliyokaribia zaidi meza ya mwaka 1974.

Duka lisilofungwa

Hapa ndipo hoja yangu ilipo. Elite na SimCity hazikuwa na mwisho, lakini ulizilipia mara moja. Gemu nyingi za leo zisizo na mwisho hupatikana bure, na kipato chake ni mchezaji kurudi kesho na kununua. Kila msimu huja vazi jipya na sherehe mpya, na asiyeingia wiki hii amepitwa. Mwaka 2022 kampuni ya Epic, wenye Fortnite, ilikubali kulipa dola milioni 520 kumaliza kesi na Tume ya Biashara ya Marekani. Kati ya hizo, milioni 245 zilikuwa za kuwarudishia wateja, baada ya tume kudai kwamba mpangilio wa vitufe uliwafanya watu wanunue bila kukusudia, watoto wakiwemo.

Uwanja huru wenyewe siulaumu. Mtoto anayejenga msikiti wa matofali ndani ya Minecraft anapanga, anahesabu na anabomoa akianza tena. Anayefuata hadithi nzuri hadi mwisho amesoma kitabu kwa njia yake. Lakini kumwambia "saa moja tu" kunafaa gemu moja na kunaikosea nyingine: ya hadithi humkata katikati ya sura, na ile ya duka bado itamtoza katika saa hiyo hiyo.

Kwa hiyo kabla ya kuweka sharti, muulize mtoto mambo matatu. Gemu hii ina mwisho? Humo ndani wewe unatengeneza nini? Na pesa zinaingilia wapi? Kisha keti naye dakika 20 akuonyeshe. Kama simu yako ndiyo inayolipa, weka namba ya siri kwenye ununuzi leo, kabla hajakuomba vazi la msimu ujao.