Namba Isiyo na Makao: Eneobunge la 6 la Georgia na Siasa za Vitongoji vya Atlanta

Wachambuzi wa siasa za Marekani wamezoea kulitaja Eneobunge la 6 la Georgia kana kwamba ni mahali. Husema lilikuwa ngome ya Newt Gingrich wa Republican, baadaye likashikwa na Tom Price wa chama hichohicho, likayumba mwaka 2017, hatimaye likaangukia mikononi mwa chama cha Democratic mwaka 2018. Simulizi hiyo ina ukweli wake, kwa maana vitongoji vya kaskazini mwa Atlanta vimebadilika kwelikweli. Lakini ukiziweka ramani kando kwa kando, simulizi inaanza kupwaya. Eneobunge lililomchagua Gingrich kwa mara ya kwanza mwaka 1978 lilikuwa kusini na magharibi mwa Atlanta. Lililomrudisha bungeni mwaka 1992 lilikuwa kaskazini. Lile la mwaka 2022 lilipanda hadi Kaunti ya Dawson, kwenye vilima vya kaskazini, na la mwaka 2024 limerudishwa magharibi na kusini-magharibi mwa jiji. Kilichodumu ni namba tu.

Hoja ya makala haya ni kwamba eneobunge la vitongoji haliumbwi na wakazi wake peke yao. Ubaguzi wa rangi uliamua nani aishi wapi, mahakama ikaipa idadi ya watu uzito ambao ilikuwa imenyimwa, kisha bunge la jimbo likashika kalamu na kuchora mipaka. Katika hao watatu, mwenye kalamu ndiye aliyekuwa na neno la mwisho mara nyingi zaidi.

Tuanze na mahakama, kwa sababu bila uamuzi wake siasa za vitongoji tunazozijua leo zisingekuwapo. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 Georgia ilikuwa ikitumia mipaka iliyochorwa mwaka 1931. Eneobunge la 5, lililobeba Atlanta na kaunti za jirani, lilikuwa na watu 823,680; la 9, kule kwenye milima ya kaskazini, lilikuwa na watu 272,154. Kila moja lilipeleka mbunge mmoja Washington. Kwa maneno mengine, kura ya mkazi wa Atlanta ilikuwa na thamani ya theluthi moja ya kura ya mkulima wa milimani. Wapiga kura wa Atlanta walikwenda mahakamani, na tarehe 17 Februari 1964, katika kesi ya Wesberry dhidi ya Sanders, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba maeneobunge ya jimbo moja lazima yakaribiane kwa idadi ya watu kadiri inavyowezekana. Mara nyingi uamuzi huo husifiwa kuwa ni ushindi wa mji dhidi ya shamba. Kwa muda mfupi ulikuwa hivyo, lakini aliyevuna zaidi ni kitongoji, kwa sababu wakati hukumu inasomwa watu walikuwa tayari wanaihama Atlanta na kwenda kuijaza Cobb, DeKalb na kaskazini mwa Fulton.

Walihama kwa nini? Mwanahistoria Kevin Kruse, katika kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu kuhama kwa Wazungu wa Atlanta, anaona kwamba uhafidhina wa vitongoji ulizaliwa katika mapambano ya kupinga kuchanganyika na watu weusi mitaani, shuleni na bustanini. Matthew Lassiter, aliyechapisha chake mwaka uliofuata, anakitazama zaidi kitongoji chenyewe: bei ya nyumba, mipaka ya shule, na imani ya mwenye nyumba kwamba alichonacho amekipata kwa jasho lake wala si kwa upendeleo wa serikali. Binafsi naona Kruse anaeleza vizuri zaidi safari ya kuhama, na Lassiter anaeleza vizuri zaidi kilichotokea baada ya mizigo kushushwa.

Reli ya abiria ni ushahidi wa wote wawili. Mwaka 1965 wapiga kura wa Cobb walikataa kujiunga na MARTA, mamlaka ya usafiri wa umma iliyokuwa ikiundwa. Mwaka 1971, ilipokuja kura ya kodi ya kuiendesha, Fulton na DeKalb zilikubali, Clayton na Gwinnett zikakataa. Mwanasiasa mmoja wa Cobb aliahidi hata kuujaza mto Chattahoochee, unaoitenganisha kaunti hiyo na Atlanta, samaki piranha ikibidi ili treni isivuke. Reli ya kaskazini ilipokamilika iliishia North Springs, ndani ya Sandy Springs, na ndipo inapoishia hadi leo. Sandy Springs yenyewe ilikataa kwa kura mwaka 1966 kuunganishwa na Atlanta, ikaomba hadhi ya mji wake kwa miaka mingi, na ikaipata mwaka 2005 mara baada ya Republican kulishika bunge la jimbo. Johns Creek, Milton na Dunwoody zilifuata njia hiyohiyo ndani ya miaka mitatu. Kila mji mpya ulikuwa na mipaka yake, polisi wake na kodi yake isiyovuka kwenda kwa jirani.

Sasa tuje kwa wenye kalamu. Baada ya sensa ya 1990 bunge la Georgia lilikuwa chini ya Democratic, na Spika wake Tom Murphy hakuwa akipikika chungu kimoja na Gingrich. Gingrich ndiye aliyekuwa Mrepublican pekee kati ya wabunge kumi wa Georgia mjini Washington, na nyumbani kwa Murphy kulikuwa ndani ya eneobunge la Gingrich. Murphy na wenzake wakalivunjavunja eneobunge hilo vipandevipande. Namba 6 ikahamishiwa kwenye vitongoji vipya vya kaskazini, naye Gingrich akafungasha akaifuata, akahamia Cobb. Katika uchaguzi wa mchujo wa 1992 aliponea chupuchupu kwa kura 980. Lakini Murphy alikuwa amempa adui yake zawadi bila kujua. Eneo la zamani lilikuwa na ushindani mkali, ilhali hili jipya, akishapita mchujo, lilikuwa salama kabisa. Miaka miwili baadaye Republican walipata viti 7 kati ya 11 vya Georgia, na Januari 1995 Gingrich akawa Spika wa Baraza la Wawakilishi. Alihubiri kupunguza serikali akitokea kaunti ambayo uchumi wake ulitegemea sana kiwanda cha Lockheed cha Marietta, kinachounda ndege za C-130 kwa fedha za Wizara ya Ulinzi. Wapiga kura wake hawakuona mgongano wowote hapo.

Wakazi waliendelea kubadilika chini ya ramani hiyo na zilizoifuata. Wahamiaji kutoka India, Korea na China, pamoja na familia za weusi na za Kilatino zenye kipato, walinunua nyumba katika mitaa iliyojengwa kuwakimbia watu kama wao. Zaidi ya nusu ya watu wazima wa eneobunge walikuwa na shahada. Mwaka 2012 Mitt Romney, mgombea urais wa Republican, alishinda hapo kwa zaidi ya pointi 20. Mwaka 2016 Donald Trump alishinda kwa pointi moja na nusu tu, huku Price, chama kilekile, siku ileile, akipata karibu asilimia 62. Price alipoteuliwa Waziri wa Afya, uchaguzi mdogo wa 2017 ukawa vita vya taifa zima. Zaidi ya dola milioni 50 zilitumika, kiasi ambacho hakijawahi kutumika hadi wakati huo katika kugombea kiti kimoja cha Baraza la Wawakilishi. Jon Ossoff wa Democratic hakuweza hata kujipigia kura, kwa kuwa aliishi nje kidogo ya mpaka. Sheria inamtaka mgombea awe mkazi wa jimbo tu. Alishindwa na Karen Handel wa Republican. Mwaka 2018 Lucy McBath, mwanamke mweusi aliyeingia siasani baada ya mwanawe Jordan Davis kuuawa kwa risasi huko Florida mwaka 2012, alimwangusha Handel kwa zaidi kidogo ya kura 3,000, na mwaka 2020 akaongeza tofauti.

Hapo ndipo simulizi ya "kitongoji kilichobadilika" ingepaswa kukamilika. Haikukamilika, kwa sababu mwaka 2021 kalamu ilikuwa mikononi mwa Republican. Mambo mawili yalikuwa yamewapa nafasi. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ilikuwa imeondoa sharti la Georgia kuomba kibali cha serikali kuu kabla ya kubadili mipaka, na mwaka 2019 ilikuwa imeamua kwamba upendeleo wa kichama katika kuchora mipaka si jambo la mahakama za shirikisho. Namba 6 ikaondolewa kusini na kujazwa Forsyth na Dawson. Forsyth ni kaunti iliyowafukuza karibu wakazi wake wote weusi, zaidi ya 1,000, mwaka 1912, na ambako waandamanaji wa haki za raia walirushiwa mawe Januari 1987. Leo ina watu zaidi ya robo milioni, na karibu mmoja kati ya watano ana asili ya Asia. Hata hivyo bado ilitosha kulifanya eneobunge salama kwa Republican. McBath akafanya kama Gingrich alivyofanya: akahama. Aligombea la 7, akamshinda mbunge mwenzake wa Democratic, Carolyn Bourdeaux, katika mchujo wa 2022.

Mtu anaweza kunipinga kwa kusema kwamba mahakama ilirekebisha kosa. Oktoba 2023 Jaji Steve Jones aliamua kwamba ramani ya 2021 ilikiuka Sheria ya Haki ya Kupiga Kura, akaagiza eneobunge jingine lenye weusi wengi magharibi mwa Atlanta. Bunge la jimbo lilitii: likaliunda, likalipa namba 6. Lakini papo hapo likalivunja lile la 7 la McBath, lililokuwa na mchanganyiko wa weusi, Walatino, Waasia na Wazungu bila kundi lolote kuwa na wingi. Jaji aliikubali ramani hiyo Desemba 2023. Kwa hiyo haki ya kundi moja ilitimizwa kwa herufi, na uwiano wa vyama ukabaki palepale.

Mwaka 2022 McBath alichaguliwa kutoka eneobunge la 7 na Rich McCormick wa Republican kutoka la 6. Novemba 2024 McBath alichaguliwa kutoka la 6, McCormick kutoka la 7.