Plaiwudi mbili na dola 50: historia ya mashua iliyolea mabaharia wadogo

Ukifika kwenye klabu za mashua za miji mingi ya bandari, kuanzia Copenhagen hadi Dar es Salaam, utaikuta mashua moja ndogo yenye omo butu, tanga la pembe nne na mtoto mmoja ameshika usukani. Inaitwa Optimist. Urefu wake ni mita 2.36, upana mita 1.12, na bodi lake lina uzito wa kilo 35, kiasi kwamba watoto wawili huweza kuibeba hadi majini bila kumwita mtu mzima. Zaidi ya mashua 150,000 za aina hii zimesajiliwa duniani, mbali na zile zilizojengwa majumbani bila kuandikishwa popote.

Wengi wanaoiona leo huihesabu kuwa mchezo wa watoto wa wenye nacho. Historia yake inasimulia mengine. Mashua hii ilibuniwa kwa ajili ya mtoto ambaye baba yake hana fedha za kununua mashua, na fundi aliyeichora alipewa bei kwanza, umbo likafuata.

Kutoka vigari hadi matanga

Habari inaanzia mwaka 1947 katika mji wa Clearwater, pwani ya magharibi ya jimbo la Florida, Marekani. Mjini hapo palikuwa na tawi la Optimist, chama cha wananchi wanaojitolea kusaidia vijana. Mchezo uliovuma Marekani wakati huo ulikuwa mbio za vigari vya mbao visivyo na injini, ambavyo watoto waliviunda wenyewe na kuviachia viserereke kwenye mteremko.

Mkazi mmoja wa mji huo, Meja Clifford McKay, aliona kasoro katika mchezo huo. Kigari kiligharimu fedha na jasho, lakini mashindano yakishapita hakikuwa na kazi tena. Clearwater ilikuwa na Ghuba ya Mexico mlangoni pake, na upepo haununuliwi. Akawashauri wenzake wawape watoto mashua za tanga, kila moja ifadhiliwe na mfanyabiashara wa mjini, iwe rahisi kiasi cha kujengwa na mtoto na baba yake gerejini, na gharama yake isizidi dola 50.

Kazi ya kuichora alipewa Clark Mills, fundi wa mashua wa eneo hilo. Masharti yalikuwa magumu: mashua ielee salama ikiwa na mtoto ndani, iende kwa tanga vizuri, na itoke kwenye plaiwudi mbili za kawaida za futi 4 kwa 8, yaani mita 1.22 kwa 2.44.

Kwa nini omo ni butu

Hapo ndipo umbo lilipozaliwa. Mashua yenye omo lililochongoka huhitaji mbao za ubavuni zilizo ndefu kuliko chombo chenyewe, kwa sababu ubao ukipindwa kuelekea mbele hupoteza urefu. Mwenye plaiwudi ya futi 8 akitaka omo kali, ama aunganishe vipande, jambo linaloongeza kazi na gharama, ama akubali chombo kifupi mno. Mills aliikata ncha. Mbele akaweka ubao bapa kama ule wa nyuma, mashua ikabaki na urefu wa karibu futi 8 na nafasi yote ambayo mtoto anaihitaji.

Tanga nalo lilipangwa kwa hesabu hiyohiyo. Mlingoti ni mfupi, na pembe ya juu ya tanga hunyanyuliwa na ufito mmoja unaokatiza kutoka mlingotini. Eneo lake ni mita za mraba 3.3, linalotosha kumsukuma mtoto bila kumzidi nguvu. Kamba ni chache, na mtoto wa miaka minane anaweza kulifunga na kulifungua mwenyewe. Ndani ya siku chache hufahamu upande wa joshini, upepo unakotoka, na wa demani, upepo unakoelekea, na baadaye hujifunza kupiga bisha ili aende anakotaka hata upepo ukimjia usoni.

Mills alikikabidhi chama cha Optimist michoro hiyo. Hakujenga utajiri juu yake, ingawa aliishi hadi mwaka 2001 na kuiona mashua yake ikienea mabara yote.

Gundi iliyofungua njia

Kazi hii isingewezekana miaka ishirini kabla. Plaiwudi ni tabaka nyembamba za mti zilizogandishwa kwa kupishanisha nyuzi, na plaiwudi za zamani ziliachana zikilowa. Katika miaka ya 1930 zilipatikana gundi zisizoyeyuka majini. Kisha Vita Kuu ya Pili ikazipa kazi kubwa: Uingereza iliunda ndege ya Mosquito kwa plaiwudi, na huko New Orleans kiwanda cha Andrew Higgins kiliunda kwa plaiwudi maelfu ya boti zilizowashusha askari ufukweni. Vita vilipokwisha, ujuzi huo ukawafikia raia. McKay na Mills walikutana na plaiwudi wakati ilipokuwa imethibitishwa na inauzwa dukani.

Faida yake kubwa kwa mtoto ni wepesi. Plaiwudi moja ya milimita 6 ina uzito wa kilo 10 hivi. Mbili ni kama kilo 20, na ukiongeza vipapi vya pembeni, ubao wa kushika mlingoti, gundi na rangi, bado unabaki na chombo anachoweza kukivuta mtoto. Chombo chepesi huhitaji tanga dogo, na tanga dogo huhitaji mkono mdogo.

Hapa Afrika ina sehemu yake. Moja ya miti inayopendwa zaidi kwa plaiwudi za mashua ni okume, mti mwepesi unaoota hasa Gabon na nchi jirani zake. Kwa miaka mingi magogo yake yalisafirishwa kwenda viwanda vya ng'ambo, hadi Gabon ilipopiga marufuku kuuza magogo ghafi mwaka 2010. Watoto wengi wa Ulaya wamejifunza bahari wakiwa wamekalia mti wa Afrika ya Kati.

Safari ya kwenda Ulaya

Katika miaka ya 1950 Axel Damgaard, nahodha wa Denmark, aliiona mashua hiyo Marekani akarudi na wazo lake nyumbani. Wadenmark waliirekebisha kidogo, na kutoka kwao ikaenea Skandinavia na Ulaya nzima. Vipimo vyake viliwekwa sawa mwaka 1960, mashindano ya kwanza ya dunia yakafanyika Uingereza mwaka 1962, na mwaka 1965 kikaundwa chama cha kimataifa cha kuisimamia. Hadi leo mashindano yake ni ya vijana wasiozidi miaka 15.

Waliopitia humo wamefika mbali. Ben Ainslie wa Uingereza, mwenye medali nne za dhahabu za Olimpiki, alianza na Optimist akiwa mtoto huko Cornwall. Robert Scheidt wa Brazil, mwenye medali tano za Olimpiki, naye alianzia humohumo.

Mashua ya kushona

Mwaka 1963 gazeti la Daily Mirror la London lilileta jibu jingine kwa swali lilelile la McKay. Barry Bucknell, aliyekuwa akiwafundisha Waingereza ufundi wa nyumbani kupitia televisheni, alishirikiana na mchora mashua Jack Holt kuandaa mashua ya mita 3.3 iliyouzwa ikiwa vipande ndani ya boksi. Ilipewa jina la gazeti hilo, Mirror, ikafungwa matanga mekundu, na bei yake ilikuwa pauni 63 na shilingi 11.

Siri ilikuwa namna ya kuiunganisha. Mjenzi alitoboa vitundu kwenye kingo za plaiwudi, akazishona kwa waya wa shaba, akakaza waya hadi vipande vikakutana na umbo likajitokeza lenyewe. Kisha alipaka gundi isiyoyeyuka majini na kubandika utepe wa nyuzi za kioo juu ya maungio. Hakuhitaji mataruma mengi wala karakana. Zaidi ya mashua 70,000 za aina hiyo zimejengwa, nyingi sebuleni na kwenye mabanda ya uani.

Msomaji wa pwani yetu hatashangaa kusikia chombo kilichoshonwa. Mitepe ya visiwa vya Lamu ilishonwa ubao kwa ubao kwa kamba za makumbi ya nazi, ikabeba boriti na shehena nyingine kwa karne nyingi kabla ya kutoweka mwanzoni mwa karne ya 20. Kushona chombo hakukuwa jambo geni huku.

Bei ilipopanda

Kisha plaiwudi ikapata mshindani. Plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo haiozi, na viwanda vinaweza kutoa mashua mia zilizo sawasawa kutoka kwenye kalibu moja. Mwaka 1995 kanuni za Optimist zilikazwa ili mashua zote za mashindano zifanane kabisa. Kwa upande wa haki uwanjani hilo ni jema: mtoto hashindwi kwa sababu ya chombo cha mwenzake. Lakini mashua mpya ya mashindano, pamoja na tanga na mlingoti wake, sasa inagharimu maelfu ya dola. Chombo kilichochorwa kwa ajili ya baba asiye na kitu kimempita baba huyo.

Huku kwetu pengo hilo linaonekana wazi. Optimist zipo kwenye klabu chache za mijini. Nje ya klabu hizo, mtoto wa mvuvi hujifunza tanga kwenye ngalawa ya baba yake, chombo kilichochongwa kwenye gogo la mwembe, kizito na kilichotengenezwa kwa mikono ya watu wazima. Na mtoto asiye na mvuvi nyumbani, hata kama bahari iko mbele ya shule yake, hukua bila kushika kamba ya tanga hata mara moja.

Kinachohitajika kulirekebisha hili tunacho. Nungwi huko Zanzibar na Matondoni huko Lamu kuna mafundi wanaounda majahazi kwa macho, bila mchoro. Vyuo vya ufundi vina meza, misumeno na vijana. Plaiwudi inauzwa mijini, ila mnunuzi awe mwangalifu: achague ya kuhimili maji isiyo na mapengo kati ya tabaka, na kabla ya kuitumia achemshe kipande chake kwenye sufuria. Tabaka zikiachana, hiyo si ya mashua. Tanga linaweza kushonwa na fundi yeyote wa matanga, na upo wa kufulia maji hupatikana kwa kukata dumu. Mifuko ya hewa ya kuifanya mashua ielee ikipinduka, na jaketi la kuokolea kwa kila mtoto, ni vitu ambavyo havina mjadala.

Mashua ya namna hiyo haitashindana kwenye mashindano ya dunia, na haina haja. Kazi yake ni kumfundisha mtoto upepo. Walimu wakuu wa shule za mwambao, wakuu wa vyuo vya ufundi na mafundi wetu wa vyombo wakae pamoja, waanze na mashua moja kwa kila shule. Clearwater haikuanza na zaidi ya wazo la mtu mmoja, mchoro wa fundi mmoja na wafanyabiashara waliokubali kutoa dola 50 kila mmoja.